Pembeni mwa Fomu

Fomu inauliza: anaweza kujiandalia chai?
Visanduku vitatu: peke yake, kwa msaada, hawezi.
Nainua kalamu. Bi Somoe ananitazama
kwa jicho lile ambalo kiharusi kililiruka.
"Chai nimeanza kupika lini, mwanangu?
Chai anapika Esha. Mimi nabangua."

Kitangari, mwezi wa saba, saa mbili asubuhi,
ukungu umekalia mabati kama umepanga chumba.
Miaka miwili darasani niliambiwa: kwanza uliza
siku ya mtu ilibeba nini kabla haijaanguka.
Nami nimeanza na kisanduku.
Nafuta. Nauliza upya.

Anasema: moto wa makumbi, bati lililotobolewa,
korosho zinalia, zinawaka, unazimwagia mchanga,
kisha jivu viganjani, kigongo cha mpingo,
pigo moja tu, la pili linavunja punje.
Debe moja kabla ya adhuhuri.
Kwa debe hilo Esha alivaa viatu vya shule.

Napima.
Bega linapanda hadi usawa wa titi, linagoma.
Kiwiko kinanyooka polepole,
kama mtu anayetoka mkutanoni bila ruhusa.
Kidole gumba kinaitafuta shahada, kinapotea,
kinarudi, kinagusa. "Umeona?" anasema.
Nimeona, bibi.
Nampa kifungo, nampa kikombe, nampa fundo la kanga.
Fundo analikaza kwa meno.
Fomu haina mahali pa meno. Naandika pembeni.

Sasa fumba macho.
Naugusa mkono kwa pamba. Kimya.
Kwa ncha ya kalamu. Kimya.
Kwa chupa ya maji ya uvuguvugu.
"Mbona huanzi?" ananiuliza.

Nilikuwa nimeshika bega, nikidhani shida ni bega.

Esha anakuja, anakigeuza kiganja cha bibi yake
taratibu, kama anafunua ukurasa asioutaka:
lengelenge, limepasuka, limeanza kunata.
"Juzi. Aliwasha bati nikiwa shule.
Aliniambia niseme ni mdudu."
Bi Somoe anatazama ukutani.
"Nilisikia harufu," anasema. "Nikadhani ni korosho."

Mimi ni msaidizi. Kuna mambo siyakati peke yangu.
Kwanza nasafisha kidonda, nafunga bandeji,
kisha napanda kichuguuni, ndipo simu inaposhika,
nampigia Bwana Mnyambe kule Newala.
Anasikiliza hadi mwisho, anakohoa.
"Umeshamkataza?"
"Bado."
"Basi usishuke hapo na katazo mkononi.
Shuka na kazi. Na kesho mlete, nimwone."

Nashuka.
Naomba sinia, naomba meza isiyoyumba,
kitambaa kibichi chini ya sinia lisiteleze,
kiti kinachofikisha nyayo zake sakafuni.
Punje zilizomenywa, za jirani, baridi.
Nzima huku, nusu kule, vipande vya kashata pale.
Kushoto kuongoze, kulia kufuate,
na macho yafanye kazi iliyoachwa na ngozi.

Punje ya kwanza inaanguka.
Ya pili inaanguka, kuku anaiwahi.
Ya tatu inafika.
Namsaidia kuchambua, naweka moja kwenye nzima.
Anaitoa. "Hii nzima kwako? Ina ufa.
Ghalani wangekurudisha nyumbani na gunia lako."
Nageuza punje kwenye mwanga. Ufa upo,
mwembamba kuliko unywele.

Naandika lengo: wiki sita, kilo moja, bila msaada.
Anauliza nimeandika nini. Namsomea.
"Andika mbili."
Nakuna kichwa. Bega lile, kidole kile.
Naandika moja na nusu, tunanuniana kidogo.

Esha analeta chai.
Bi Somoe anapeleka mkono wa kulia, anausimamisha njiani,
anautuma wa kushoto kwanza uonje joto la kikombe,
kisha ananitupia jicho, kuona kama nimeona.

Kile kisanduku bado kitupu.
Naandika pembeni, chini ya meno.